Sadaka Iliyotoka Upande Mwingine

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Julai, mtaa wetu wa Kidahwe uliandaa tamasha la nyimbo na ngoma kwa ajili ya amani na kuwachangia wenye shida. Tangu siku ile watu kadhaa wameniomba niandike jinsi tamasha lilivyofanikiwa. Nimekubali, lakini nitaanza na mahali nilipokosea, maana ndipo Bwana aliponifundisha.

Kidahwe ni njia panda. Ukitoka Kigoma mjini kwa barabara kuu, hapa ndipo njia zinapoachana: moja inakwenda Uvinza, nyingine inapanda Kasulu na kuendelea Kibondo. Kwa hiyo wengi waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa na kupelekwa makambini wamepita mbele ya milango yetu. Walipita mwaka 1996 na 1997, vita vilipowatoa watu wa Fizi na Uvira makwao wakavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti. Walipita tena mwaka 2015. Mwezi wa Mei mwaka ule makumi ya maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na maji karibu na mpaka. Meli yetu ya MV Liemba, ambayo Wajerumani waliiunganisha hapa Kigoma na kuishusha majini mwaka 1915, ndiyo iliyokwenda kuwachukua. Wakalala Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu. Kipindupindu kilichozuka Kagunga hakikuuliza mtu kitambulisho. Kiliua wakimbizi, kikaua na Watanzania.

Sisi wenyeji tumekaa katikati ya mambo haya. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu. Muha na Mrundi wakikutana kisimani hawahitaji mkalimani. Wapo kati yetu wazee waliotoka Burundi mwaka 1972, wakalima hapa, wakazaa hapa, na baadhi yao tumekwisha kuwazika hapa. Hata sisi, tukisafiri mikoa mingine, mara nyingi lafudhi yetu hutufanya tuulizwe kama kweli ni Watanzania. Ungetazamia kwamba mtu anayeulizwa swali hilo hatamuuliza mwenzake. Lakini sivyo. Kijijini kulikuwa na manung'uniko ya miaka mingi: miti imekatwa, mbuzi wameibwa, wageni wanapewa chakula cha bure na sisi hatupewi kitu. Na kulikuwa na jambo zito kuliko hayo. Kuna miaka ambayo mabasi ya kwenda Kasulu na Kibondo yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya majambazi wa barabarani, na watu wengi waliamini kwamba majambazi hao walitoka makambini.

Wazo la tamasha lililetwa na vijana wa kwaya. Mmoja wao alikuwa ameona kwenye simu habari za Tamasha la Amani la Goma, kule Kongo. Tamasha lile lilipangwa kufanyika Agosti 2013, likaahirishwa kwa sababu ya mapigano, na hatimaye likafanyika Februari 2014. Kiingilio kilikuwa dola moja tu, ili hata mtu wa kipato kidogo aingie. Kijana yule aliniambia, "Baba Mchungaji, kama Goma wameweza na risasi zinasikika, sisi tunashindwaje?" Sikuwa na jibu, tukaunda kamati.

Kamati ilikuwa na Walutheri, Waanglikana, Wakatoliki, Wapentekoste na ndugu zetu Waislamu. Swali la kwanza lilikuwa mahali. Baadhi ya wazee wetu wa kanisa hawakutaka kaswida isomwe kwenye kiwanja cha kanisa, na shehe alituambia bila kuficha kwamba wazazi wa watoto wa madrasa nao wasingependa watoto wao waimbe chini ya msalaba. Nilifikiri hapo ndipo tutakapokwama. Kumbe ndipo palipokuwa rahisi kuliko pote: tuliomba uwanja wa shule ya msingi, tukapewa, na hakuna aliyeliongelea tena.

Jambo gumu lilikuwa fedha zitakwenda kwa nani. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Mgawo wa chakula makambini ulikuwa umepunguzwa zaidi ya mara moja, na moyo wangu ulikuwa kwa wakimbizi. Nikaandika tangazo kwa mkono wangu: "Njoo tuimbe amani, tuwasaidie wakimbizi." Likabandikwa kwenye maduka ya njia panda na kwenye mti wa bodaboda.

Siku mbili baadaye alinijia mzee mmoja wa kanisa, mtu mtulivu anayekaa benchi la pili kila Jumapili. Hakukaa nilipomkaribisha. Akasema, "Mchungaji, unanialika kuimba amani na nani?" Kijana wake alikuwa amepigwa risasi ya mguu na majambazi barabarani miaka mingi iliyopita, na mpaka leo anatembea kwa fimbo. Mimi nilimjibu haraka. Nilimtajia maneno ya Bwana wetu juu ya kumpokea mgeni, Mathayo 25. Nililitaja andiko sawasawa, na nilikuwa na haraka ya kwenda kutafuta jenereta. Mzee aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, Mchungaji," akaondoka. Nikahesabu kwamba nimemjibu.

Wiki hiyo hiyo nilimpigia simu mama mmoja, kiongozi wa kwaya ya wanawake Wakongomani huko Nyarugusu, wengi wao Wabembe wa Fizi. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na tulikuwa tumewaombea kibali cha watu kumi na wawili, cha siku moja tu. Nilimweleza ratiba. Kisha nikamwomba aandae ushuhuda wa dakika kumi: walivyokimbia, waliopotea njiani, maisha ya kambini. Nilimwambia kwamba ushuhuda wa namna hiyo hufungua mioyo ya watu. Nilikuwa na maana kwamba hufungua mifuko, na nadhani alielewa hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Tutaona, Pasta."

Siku ikafika. Kwa kuwa ilikuwa kiangazi, vumbi la uwanja lilianza kupanda kabla ya saa nne asubuhi. Vijana wa Kiha walifungua kwa ngoma. Wakafuata Warundi na ingoma zao kubwa zilizochongwa kwa gogo. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, lakini pale uwanjani hakuna aliyehitaji kuambiwa hivyo. Watoto waliacha miwa yao wakakimbilia mbele. Kwaya yetu iliimba kutoka *Mwimbieni Bwana*, Wapentekoste wakaja na magitaa, na watoto wa madrasa kutoka Ujiji wakasoma kaswida kwa dufu, wamevaa kanzu nyeupe ambazo hadi adhuhuri zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Wakati wa alasiri ulipofika tulizima vipaza sauti. Watoto walisali chini ya miembe na walimu wao, na umati wote ukakaa kimya kuwangoja. Katika ratiba yangu hapakuwa na kipindi hicho. Aliyekumbuka ni kijana wa jenereta.

Kisha wakaitwa wale kina mama. Walikuwa wamevaa vitenge vya sare. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti kuwatambulisha, nikasema maneno niliyozoea kusema: hawa ni ndugu zetu wanaoteseka, hawana kitu, tuwasikilize, kisha kila mtu aguswe na kutoa. Nikampa yule mama kipaza sauti kwa ajili ya ushuhuda.

Alisema, "Pasta, asante kwa maneno mazuri. Lakini leo hatukukuja kulia. Tuko na sadaka yetu."

Wenzake wawili wakaleta mfuko mbele, wakaufungua. Ndani mlikuwa na vipande arobaini vya sabuni ya mawese walivyovipika wenyewe kambini, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi. Akaendelea, nami naandika kadiri ninavyokumbuka. Alisema kwamba alipokuwa na miaka tisa, lori lililowabeba kutoka bandarini lilisimama kwenye njia panda moja. Hakujua jina lake wakati ule. Wanawake wa mahali pale walitoka na ndoo za maji na mihogo ya kuchemsha, wakawapandishia juu ya lori. Hawakuuliza kitu. Aliposikia kwenye simu kwamba anaalikwa Kidahwe, aliuliza watu wazima, wakamwambia kwamba ndipo pale. Naye alisikia kwamba kwenye zahanati za huku mama akienda kujifungua huambiwa aje na vifaa vyake. "Sabuni hii ni ya wamama watakaozaa hapa," alisema. "Miaka yote sisi tunapokea. Mtu anayepokea kila siku anasahau kwamba ana mikono."

Kisha wakaimba, kwa Kibembe. Wengi wetu hatukuelewa neno hata moja, na hakuna aliyeondoka.

Mimi nilibaki nimesimama pembeni na karatasi yangu ya ratiba. Niliona aibu. Haikuwa aibu ya kukosolewa mbele ya watu, kwa maana mama yule hakunikosoa. Ilikuwa aibu ya mtu anayegundua kwamba ameandaa karamu na kumweka mgeni wake mlangoni kama ombaomba. Nilikuwa nimewaita watu kumi na wawili waje waimbe juu ya umaskini wao ili sisi tujisikie wakarimu. Na hilo nililiita amani.

Walimu wa kwaya wanaosoma hapa watanielewa. Mwalimu mzuri hagawi sauti kabla ya kusikiliza. Humwimbisha kila mmoja peke yake, ndipo aseme huyu ni sauti ya kwanza, huyu ya tatu, huyu ya nne. Mimi niligawa sauti nikiwa ofisini. Wakimbizi niliwapa sauti ya kupokea. Wanakijiji niliwapa sauti ya kutoa. Yule mzee wa benchi la pili nilimpa sauti ya kusamehe. Sikumsikiliza hata mmoja wao.

Baada ya wimbo ule ikaja zamu ya mnada, kama ilivyo desturi yetu. Watu walikuwa wameleta kuku, madumu ya mawese, dagaa, mihogo mikavu na mikungu ya ndizi. Mwinjilisti wetu ni hodari wa kunadi. Yai moja aliliuza, likarudishwa, akaliuza tena mara tano. Lakini kabla hajaanza, mama mmoja wa kijiji, ambaye katika mikutano yetu alikuwa mlalamikaji mkubwa, alisimama akauliza kwa sauti: "Hizi fedha ni za wakimbizi tu, au na za zahanati?" Watu walinigeukia. Nikawaambia kwamba tangazo nililiandika mimi peke yangu, na kwamba sasa naomba kamati iamue hapo hapo, mbele ya wote, wageni wakiwemo. Waliinamisha vichwa pamoja kwa muda, shehe, mzee wa Waanglikana, mama yule wa kambini na wengine. Wakaamua: nusu kwa nusu.

Fedha hazikuwa nyingi. Kukodi vyombo vya muziki na mafuta ya jenereta vilikula karibu theluthi moja, jambo ambalo nawaonya wote wanaofikiria kuandaa tamasha. Zilizobaki zilinunua magodoro na mashuka kwa chumba cha kujifungulia, na nusu nyingine ikanunua mahindi na maharage kwa familia za wajane kambini, kwa orodha iliyoletwa na kina mama wenyewe. Wao waliondoka kabla ya mnada kwisha, kwa sababu kibali chao kilikuwa cha siku ile tu na njia ni ndefu. Niliwasindikiza mpaka kwenye gari. Nilitaka kuomba radhi, nikaanza kuzungukazunguka kwa maneno. Mama yule akanikatiza, "Pasta, mwaka kesho utatupigia simu mapema." Hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

Yule mzee hakuja kwenye tamasha. Wiki iliyofuata nilikwenda kwake, safari hii bila Biblia mkononi na bila haraka. Nilimwambia kwamba nilimjibu kabla ya kumsikia. Akanikaribisha kiti, akanisimulia usiku ule wa barabarani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika miaka yote niliyomchunga sikuwahi kuusikia. Alikuwa amepata habari za sabuni. "Sabuni ni jambo zuri," akasema. "Lakini mguu wa mwanangu haujapona." Sikumjibu kitu. Tulikaa mpaka jua likashuka. Mpaka leo hajaimba nasi nyimbo za amani, nami simlazimishi. Ila anapokuja ibadani huwa ananingoja mlangoni, tunasalimiana kwa mikono miwili, na wakati mwingine ananiambia jinsi kijana wake alivyoamka.

Chuoni tulifundishwa kwamba Luther aliupenda muziki sana. Mwaka 1530 alimwandikia mtunzi Ludwig Senfl kwamba baada ya theolojia hakuna kitu cha kulinganishwa na muziki. Naliamini hilo hata sasa. Lakini nabii Amosi, sura ya tano, anatuambia jambo ambalo sikulikazia macho kabla ya tamasha: kwamba kuna nyimbo ambazo Mungu hataki kuzisikia, hata zikiimbwa vizuri, kama haki haitiririki kama maji katikati ya wanaoimba. Vinanda vya Israeli havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba waliokuwa wakiimba hawakuwasikiliza maskini waliokuwa langoni.

Na Paulo, anapochangisha fedha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, anawatolea Wakorintho mfano wa makanisa ya Makedonia. Watu wale walikuwa maskini sana, na katika 2 Wakorintho 8 tunasoma kwamba wao ndio waliosihi wapewe nafasi ya kutoa. Paulo hakuwaambia kwamba ninyi ni wa kupokea, kaeni chini. Alipokea. Anaendelea kusema kwamba leo wingi wa hawa unafidia upungufu wa wale, na siku nyingine itakuwa kinyume chake, ili pawe na usawa. Nimehubiri juu ya sura hiyo mara nyingi wakati wa mavuno. Ni sabuni iliyonifanya niisome tena.

Sisi Walutheri hasa hatupaswi kusahau. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipoundwa huko Lund, Sweden, mwaka 1947, inasemekana kwamba karibu Mlutheri mmoja kati ya kila sita duniani alikuwa mkimbizi au ametolewa kwake na vita. Waliogawiwa blanketi na mikate miaka ile walikuwa watu wetu. Miaka kumi na saba baadaye, mwaka 1964, fungamano hilo hilo lilianzisha TCRS kuwahudumia wakimbizi katika nchi yetu. Waliopokea wakawa watoaji. Hakuna aliyeandikiwa na Mungu kuwa upande mmoja wa sadaka maisha yake yote.

Mpendwa msomaji, kama usharika wako unataka kuandaa tamasha la amani, fanyeni. Nyimbo huweza kuwaketisha pamoja watu ambao mkutano wa kijiji umeshindwa kuwaketisha. Lakini kabla ya kukodi vipaza sauti, nendeni kwa wale mnaotaka kuwasaidia, muwaulize wana nini cha kuleta. Kisha nendeni kwa yule aliyeumizwa ambaye hataki kuimba, mkae naye, wala msiende na jibu. Wote wawili wawe kwenye kamati tangu siku ya kwanza, hata kama mmoja atakuwepo kwa simu na mwingine kwa kunyamaza.

Mwaka uliofuata nilipiga simu mapema. Tangazo hatukuliandika mpaka kamati nzima ilipokubaliana maneno. Chini kabisa, kwa pendekezo la kina mama wa Nyarugusu, tuliongeza mstari mmoja: kila anayekuja aje na kitu mkononi, na mwenye kuhitaji aseme anachohitaji. Walikuja watu wachache kuliko mwaka wa kwanza. Lakini ilipofika saa ya sadaka, nilipotazama mstari uliokuwa ukienda mbele, sikuweza tena kutofautisha nani amekuja kutoa na nani amekuja kupokea.

Bwana atupe masikio kabla ya kutupa sauti. Amina.